Kuchagua Mji wa Pwani kwa Mapumziko: Mwongozo kwa Familia za Kibaha na Kisarawe

Mkazi wa Kibaha, Mlandizi au Kisarawe anaishi karibu na bahari, lakini maji aliyoyazoea ni ya mto Ruvu, ambayo huteremka upande mmoja mchana na usiku. Bahari haina tabia hiyo. Familia nyingi zinapojiandaa kwa likizo ya shule ya Juni au Desemba, huanza kwa kutafuta chumba cha bei nafuu, kisha huulizia bahari baada ya fedha kutoka. Tunashauri utaratibu huo ugeuzwe: iulizwe bahari kwanza, zijumlishwe gharama zote, na malipo yawe ya mwisho.

Majira na maji

Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya upepo wa kusi. Hali ya hewa huwa ya ubaridi kiasi na mvua ni chache, lakini bahari huchafuka. Kaskazi, inayoanza kuvuma karibu na Desemba, huleta joto na, mara nyingi, bahari tulivu zaidi, ingawa mvua za vuli zinaweza kuendelea ndani ya mwezi huo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hayafai kwa safari ya ufukweni.

Jambo lisiloulizwa mara nyingi ni kujaa na kupwa kwa maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa ni maji ya bamvua. Katika pwani yetu maji hayo hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kuzidi mita 3. Wakati wa nusu ya mwezi, yaani maji mafu, saa hizo hupinduka na tofauti hupungua. Kila siku saa husogea mbele kwa takribani dakika 50. Kwa hiyo familia inayofika asubuhi ya bamvua na kuondoka saa nane mchana inaweza kulipia siku nzima ya ufukwe na isipate maji ya kuogelea karibu. Tazama mwezi kabla ya kupanga tarehe.

Miji mitatu ya kulinganisha

Bagamoyo ina ufukwe mpana na mambo ya kutazama kwa wazee wasioingia majini: magofu ya Kaole, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 na majengo ya enzi ya Wajerumani. Lakini Ruvu humwaga maji yake baharini kaskazini ya mji huo. Baada ya mvua kubwa, tope lililopita Mlandizi huweza kuonekana huko pia. Anayetaka maji maangavu asiende mara baada ya mvua.

Kigamboni humfaa mwenye siku moja tu, hasa anayetoka Kisarawe. Hufikiwa kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Fukwe zake nyingi zinaikabili bahari kuu, hivyo wakati wa kusi mawimbi yanaweza kuwa makali kwa watoto.

Pangani humfaa anayekaa siku tatu au zaidi, kwa kuwa safari ni ndefu. Wageni wengi huvutwa na kisiwa cha Maziwe, ambacho ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yanapojaa. Uliza saa ya kupwa kabla ya kukodi chombo.

Gharama kamili

Bei ya chumba ni sehemu tu ya gharama. Ongeza nauli ya kila mtu kwenda na kurudi, kiingilio cha ufukwe au cha hifadhi, chakula na kukodi mashua. Uliza kama watoto hulipiwa, na kama inaruhusiwa kuingia na chakula kutoka nje, kwa kuwa baadhi ya fukwe hukataza. Chumba cha bei ndogo kilicho mbali na bahari huweza kugharimu zaidi kwa usafiri wa kila siku.

Kabla ya kulipa

Picha pekee zisikutoshe. Piga simu, uulize chumba kiko umbali gani kutoka majini, kisha uombe majibu hayo kwa ujumbe wa maandishi. Unapolipa kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Ikiwa ni la mtu binafsi badala ya nyumba ya wageni, simama na uulize. Kubaliana mapema ni kiasi gani kitarejeshwa safari ikiahirishwa, na udai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aliyepotoshwa na awasilishe malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na ujumbe na risiti zake.

Usalama wa watoto

Anayeogelea vizuri mtoni asidhani ameijua bahari. Mkondo ukimvuta kuelekea kilindini, asipigane nao. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke ndani yake, ndipo arudi nchi kavu. Watoto wasiachwe kwenye mafungu ya mchanga maji yanapoanza kujaa, kwa maana maji huweza kuwazunguka kwa nyuma. Usipande mashua isiyo na jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, hata kama umekwisha kulipa. Siku ya safari, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukitolewa tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa, ahirisha kuingia majini.