Kuziba kwa Utumbo wa Mtoto Mchanga kama Dalili ya Awali ya Sistiki Fibrosisi

Mtoto mchanga aliyetimiza miezi ya mimba hupata choo chake cha kwanza, yaani mekonio, ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya kuzaliwa. Asipokipata, tumbo lake likavimba na akatapika matapishi ya kijani, huenda utumbo wake umeziba.

Miongoni mwa visababishi vya hali hiyo ya dharura ni sistiki fibrosisi, ugonjwa unaotokana na hitilafu katika jeni ya CFTR, iliyotambuliwa mwaka 1989. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida wenyewe si wagonjwa. Hitilafu hiyo huzuia chumvi na maji kupita ipasavyo katika kuta za utumbo. Ute huwa mzito, na mekonio hunata kama gundi na kuziba sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba.

Iwapo utumbo haujatoboka wala kujisokota, kizuizi huweza kuondolewa kwa enema maalumu, njia iliyoelezwa na Helen Noblett mwaka 1969. Njia hiyo ikishindikana, upasuaji huhitajika.

Hata hivyo, kuzibuka kwa utumbo si kupona. Kwa kuwa wengi wa watoto wenye kizuizi cha aina hii wana sistiki fibrosisi, kiwango cha kloridi katika jasho lao hakina budi kupimwa, au jeni zao kuchunguzwa. Mtoto anayeruhusiwa kurudi nyumbani bila vipimo hivyo huenda na ugonjwa utakaodhuru mapafu na kongosho, ilhali utumbo wake ulikwisha kutoa onyo.