Kadi Mpya, Kompyuta Ileile: Jinsi ya Kutafuta Chanzo cha Utendaji Duni

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza kwa nini kubadilisha kifaa kimoja hakuharakishi kompyuta nzima;
(b) kutofautisha hitilafu na kizingiti;
(c) kupanga hatua za uchunguzi na kutoa sababu ya kila hatua.

Tukio la kufanyia kazi

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo ni za mtumba. Zilitumika maofisini ng'ambo, zikaondolewa, kisha zikaletwa nchini. Ni imara, lakini zilitengenezwa kwa kazi za barua na mahesabu. Mtu anayetaka kuhariri video hulazimika kuziongezea nguvu, na kifaa cha kwanza anachofikiria ni kadi ya michoro, yaani kifaa kinachokokotoa picha zinazoonekana kwenye skrini.

Chukulia kwamba mmiliki wa studio ndogo ya video za harusi na sendoff ana Dell OptiPlex 7010 ya umbo la mnara. Ina prosesa ya Intel Core i5-3470, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Ameingia madukani Mtaa wa Aggrey na kununua kadi ya NVIDIA GTX 750 Ti iliyotumika. Amerudi, ameifunga, na kazi bado inakwenda polepole kama zamani. Mmoja anamshauri anunue pawa saplai kubwa. Mwingine anasema kompyuta yote itupwe. Fedha iliyobaki ni ya pango la fremu. Je, wewe ungemshauri nini?

Jibu zuri halianzi na kununua. Linaanza na kupima.

Swali la kwanza: kasi imepungua, au haikuongezeka?

Watahiniwa wengi huchanganya hali hizi mbili, ingawa vyanzo vyake ni tofauti.

Kasi ikiwa imepungua kuliko zamani, tafuta hitilafu. Kuna kitu hakikufungwa au hakikupangwa sawasawa. Kasi ikiwa imebaki palepale, na vifaa vyote vinafanya kazi vizuri, tafuta kizingiti, yaani sehemu ya polepole zaidi inayozichelewesha nyingine. Fikiria foleni ya Barabara ya Morogoro: kupanua barabara Kimara hakumsaidii abiria ikiwa magari yamekwama Magomeni.

Anza na hitilafu, kwa sababu kuzikagua ni bure au kwa gharama ndogo.

Hitilafu sita na dalili zake

1. *Waya wa skrini umechomekwa mahali pa zamani.* OptiPlex hii ina tundu la skrini kwenye ubao mama (mafundi huuita mazabodi), na kadi mpya ina tundu lake. Waya ukibaki kwenye ubao mama, picha inaweza kuendelea kutoka kwenye saketi ya michoro iliyo ndani ya prosesa, na kadi iliyonunuliwa ikakaa bila kazi. Wakati mwingine skrini hubaki nyeusi kabisa. Hamishia waya kwenye kadi.

2. *Draiva haipo au ni ya kadi ya zamani.* Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa. Fungua Device Manager. Ukikuta jina "Microsoft Basic Display Adapter", Windows inaitumia kadi kwa kiwango cha chini tu. Ondoa draiva za zamani, washa upya, kisha weka draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Hakikisha ni ya aina ya kadi yako na toleo la Windows ulilonalo.

3. *Kadi imewekwa kwenye nafasi isiyo yake.* Kwenye OptiPlex 7010 ya mnara kuna nafasi mbili ndefu zinazolingana kwa urefu. Moja ina njia 16 za PCI Express toleo la 3, na hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde kila upande. Nyingine ina njia 4 tu za toleo la 2, na hupitisha GB 2. Kadi inaingia kote kuwili na inawaka kote kuwili, lakini ya pili inapitisha moja ya nane tu ya data. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha idadi ya njia zinazotumika. Isome kadi ikiwa kazini, kwa kuwa kadi iliyopumzika hushusha toleo la mawasiliano ili kuokoa umeme, na unaweza kudhani ni hitilafu.

4. *Umeme hautoshi.* Fanya hesabu. Prosesa hutumia hadi wati 77 na kadi wati 60. Ubao mama, RAM, diski na feni tukadirie wati 50. Jumla ni 77 + 60 + 50 = wati 187. Pawa saplai ya mnara huu ni ya wati 275. Ukijiwekea kikomo cha asilimia 80, una wati 220. Kwa hiyo wati 187 zinatosha, na mmiliki wa studio hana sababu ya kununua pawa saplai nyingine, isipokuwa iliyopo iwe imechakaa. Kumbuka pia dalili: umeme usipotosha, kompyuta huzima ghafla au kujiwasha upya kazi inapopamba moto. Mara chache dalili huwa ni upolepole peke yake.

5. *Joto.* Prosesa na kadi za michoro hujilinda kwa kupunguza kasi zinapopata joto kali. Kwa kadi nyingi jambo hili huanza nyuzi joto zikipita 80. Dalili yake ni ya kipekee: kazi huanza vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa kasi hushuka huku feni zikivuma. Katika joto la Dar es Salaam, na vumbi la mtaani, sanduku la kompyuta lililosukumwa ukutani hupata tatizo hili mapema. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, safisha vumbi, acha nafasi ya hewa nyuma, na badilisha pesti ya joto iliyokauka juu ya prosesa.

6. *Kadi ni bandia.* Zipo kadi za zamani ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Windows hudanganyika na kuonyesha jina hilo la uongo. GPU-Z, tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018, hujaribu kuzitambua kadi bandia za NVIDIA na kuweka onyo. Ndiyo maana ni muhimu kuijaribu kadi dukani kabla ya kulipa na kudai risiti ya EFD. Bila risiti huna ushahidi wa kurudishia bidhaa wala wa kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), chombo kinachosimamia udhibiti wa bidhaa bandia nchini.

Kutafuta kizingiti

Chukulia sasa kwamba umekagua yote sita na hakuna hitilafu. Anzisha kazi halisi, yaani ile inayomchelewesha mtumiaji, kisha fungua Task Manager na usome matumizi ya kila sehemu wakati kazi inaendelea.

- Prosesa ipo asilimia 100 na kadi ipo asilimia 10: prosesa ndiyo kizingiti.
- Diski ipo asilimia 100 na RAM imejaa: kompyuta inatumia diski kama akiba ya RAM. Kwa kuwa diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kuliko RAM, kila kitu husubiri.
- Kadi ipo karibu asilimia 100 na nyingine zimetulia: kadi ndiyo kizingiti. Hapo tu ndipo kadi yenye nguvu zaidi itasaidia.

Mfano wenye hesabu

Tuseme kutoa video moja iliyokamilika kulichukua dakika 60 kabla ya kubadilisha kadi: prosesa dakika 42, diski dakika 12, kadi dakika 6, hatua moja ikifuata nyingine. Kadi mpya ina kasi mara 3 ya ile ya zamani. Muda mpya ni upi?

Muda wa kadi: 6 ÷ 3 = dakika 2
Jumla: 42 + 12 + 2 = dakika 56

Mmiliki ameokoa dakika 4 kati ya 60, yaani takriban asilimia 6.7. Hata kama angenunua kadi isiyotumia muda wowote, jumla isingeshuka chini ya dakika 54.

Sasa tuseme anaweka diski ya SSD yenye kasi mara 4 ya diski yake:

Muda wa diski: 12 ÷ 4 = dakika 3
Jumla: 42 + 3 + 2 = dakika 47

SSD imeokoa dakika 9, zaidi ya mara mbili ya zile zilizookolewa na kadi. Kanuni ya kukumbuka ni hii: faida ya kuharakisha sehemu moja haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa inautumia.

Kwa hiyo ushauri kwa mmiliki wa studio ni huu: asinunue pawa saplai, asitupe kompyuta. Apime kwanza. Kipimo kikionyesha RAM imejaa na diski imelemewa, aongeze RAM au aweke SSD. Kipimo kikionyesha ni prosesa, ajue kwamba kadi nyingine haitamsaidia kwa kazi hiyo.

Makosa ya kuepuka unapojibu

- Kuorodhesha vyanzo bila dalili. "Joto" pekee ni jibu pungufu. Andika: "Joto, kwa sababu kasi hushuka baada ya dakika kadhaa za kazi."
- Kuanza na suluhisho la gharama. Panga hatua kutoka rahisi kwenda ghali.
- Kubadilisha vitu viwili kwa pamoja. Ukibadilisha draiva na RAM kwa wakati mmoja, hutajua kipi kimeleta nafuu. Badilisha kimoja, pima, andika matokeo, kisha endelea.
- Kusahau usalama: kuzima, kuchomoa waya wa umeme na kugusa chuma cha sanduku ili kuondoa umeme tuli kabla ya kushika kadi.

Jipime

1. Katika mchezo wa kompyuta, prosesa na kadi hufanya kazi sambamba. Kila picha humchukua prosesa milisekunde 25. Kadi ya zamani ilitumia milisekunde 40, mpya hutumia 10. Tafuta idadi ya picha kwa sekunde kabla na baada ya mabadiliko.

2. Kompyuta ileile ya wati 275 imewekewa kadi ya wati 120. Je, inafaa kwa kikomo cha asilimia 80?

3. Baada ya kufunga kadi, Device Manager inaonyesha "Microsoft Basic Display Adapter". Eleza tatizo na hatua mbili za kulitatua.

Majibu

1. Sehemu ya polepole zaidi ndiyo inayoamua. Kabla: 1000 ÷ 40 = picha 25. Baada: 1000 ÷ 25 = picha 40, si 100, kwa kuwa prosesa sasa ndiyo kizingiti.

2. 77 + 120 + 50 = wati 247. Kikomo ni wati 220, hivyo haifai. Aidha, nafasi ya PCI Express hutoa wati 75 tu. Kadi hiyo ingehitaji waya wa ziada wa umeme, ambao pawa saplai za kompyuta hizi za ofisini kwa kawaida hazina.

3. Draiva sahihi haijawekwa. Ondoa draiva ya zamani na uwashe upya, kisha weka draiva ya kadi hiyo inayolingana na toleo la Windows.