Pikipiki isiyozimika: je, klachi ya otomatiki inafaa milimani kwetu?

Swali lilitufikia kwa ujumbe wa sauti kutoka Mgeta. Msikilizaji wetu ni dereva wa bodaboda, anabeba karoti na kabichi kutoka mashambani, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunji tena baada ya kuumia. Breki ya mbele haimsumbui, kwa kuwa iko kulia. Kinachomshinda ni klachi. Akipanda na kushuka nusu siku, mkono unakufa ganzi. Wenzake wamemwambia kwamba pikipiki za mashindano ya motokrosi siku hizi hufungwa klachi inayojiendesha yenyewe. Anauliza: ni kweli? Na inaweza kufungwa kwenye Boxer yake ili asiache kazi?

Ni kweli, ipo. Jibu la swali la pili ni refu kidogo, na sehemu yake inamhusu kila anayeshuka miteremko ya Uluguru na abiria nyuma, hata kama mikono yake ni mizima.

Tuanze na klachi yenyewe. Fikiria mashine ya kusaga kijijini. Mkanda ukikazwa, injini inazungusha kinu. Mkanda ukilegezwa, injini inaendelea kunguruma lakini kinu kimesimama. Klachi ya pikipiki inafanya kazi hiyohiyo kati ya injini na gurudumu la nyuma. Ndani ya injini kuna sahani nyembamba, mafundi wetu huziita pleti, zimepangwa kwa zamu, moja ya msuguano na moja ya chuma, na zote zimelowa oili. Springi zinazibana pamoja. Ukivuta mkono wa klachi unazishinda nguvu springi, pleti zinaachana, gurudumu linakuwa huru. Ndiyo maana mkono unachoka: kila kubadili gia, kila kusimama, kila kuondoka mlimani, unapigana na springi.

Klachi ya otomatiki inaibadilisha kazi hiyo. Umewahi kuzungusha ndoo ya maji kwa kamba? Kadiri unavyozungusha kwa kasi, ndivyo ndoo inavyovuta kwenda nje. Ndani ya klachi hii kuna vizito vidogo vinavyofanya vivyo hivyo. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, vizito vinarudishwa ndani na springi zake, pleti zinaachana, na pikipiki inasimama hata kama iko gia ya kwanza. Ukivuta mafuta, vizito vinasukumwa nje, vinazibana pleti, na pikipiki inaondoka. Kampuni inayojulikana zaidi kwa vifaa hivi kwenye pikipiki za mashindano na za porini ni Rekluse ya Marekani. Gia bado unabadili kwa mguu kama kawaida, na mkono wa klachi unaweza kubaki pale kwa anayeutaka.

Tulitaka kuijaribu wenyewe. Fundi mmoja hapa Mafiga alikuwa na pikipiki ya motokrosi ya mteja wake iliyofungwa klachi ya namna hiyo, na mwenyewe akaturuhusu. Haikuingia barabarani, kwa sababu pikipiki ya motokrosi haina taa wala namba. Tulitumia uwanja wa vumbi wenye kilima pembeni.

Jambo la kwanza linashangaza mwili. Unaweka gia ya kwanza, unaachia mkono wa klachi kabisa, na hakuna kinachotokea. Injini haizimi, pikipiki hairuki. Ukivuta mafuta kidogo inaondoka polepole kama daladala yenye dereva mstaarabu. Tulisimama katikati ya kilima, mahali ambapo bodaboda wengi huzimikiwa wakiwa na mzigo, tukaondoka tena bila kugusa chochote upande wa kushoto. Kwa kupanda, hatuna cha kulalamika.

Kushuka ndiko kunakotaka akili. Dereva wa milimani anajua kwamba kwenye mteremko huwezi kutegemea breki peke yake. Unaweka gia ndogo, injini inaizuia pikipiki. Klachi ya otomatiki ikiwa imeshika, injini inazuia vilevile. Lakini ukishuka taratibu mno na mafuta umeachia yote, mzunguko wa injini unapungua mpaka vizito vinarudi ndani. Hapo pleti zinaachana, na pikipiki inaanza kujiachia kama umeiweka frii. Ukiwa na magunia mawili ya karoti nyuma na njia imelowa, hiyo si nafasi nzuri ya kujifunza. Dawa yake ni kuvuta mafuta kidogo sana ili klachi ishike tena, halafu kuachia. Ni rahisi mtu akishazoea, lakini azoee kwanza bila mzigo na bila abiria.

Jambo jingine hatukulisikia kwa wanaoisifia. Huku kwetu mtu akiegesha mlimani huzima injini na kuiacha pikipiki kwenye gia, basi haiendi popote. Yenye klachi ya namna hii, injini ikizimwa, pleti zimeachana, kwa hiyo gia haizuii kitu. Inabiringika. Ilibidi tutafute jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu, na kwa mahali panapoitwa Mafiga mawe hayakukosekana. Kwa sababu hiyohiyo, klachi za aina hii kwa kawaida haziwashi injini kwa kusukuma pikipiki betri ikifa. Na injini ikiwa imewashwa huku gia imeingia, mtoto akigusa mafuta tu, pikipiki inaondoka.

Sasa tumjibu msikilizaji wetu. Vifaa vya Rekluse hutengenezwa kwa modeli maalumu, nyingi zikiwa za mashindano na porini, na bei yake ni mamia ya dola. Hatumshauri atafute fundi wa kulazimisha kifaa cha pikipiki nyingine kwenye Boxer. Nafasi kati ya pleti hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita, na ikikosewa klachi huteleza hadi ikaungua. Hata iliyofungwa sawasawa huhitaji kukaguliwa. Pale Mafiga fundi alivisha mpira wa kufungia noti kwenye mkono wa klachi na kwenye kishikio, gia ikiwa frii na injini imepata moto, kisha akavuta mafuta kwa nguvu. Mkono ulisogea ndani kama milimita 3. Usiposogea, alisema, vizito havipati nafasi ya kubana pleti inavyotakiwa.

Kuna njia iliyo karibu zaidi, nayo ni ya zamani. Mwaka 1958 Honda ya Japani ilitoa pikipiki ndogo ya Super Cub, ambayo haina mkono wa klachi kabisa. Husimuliwa kwamba walitaka mpeleka chakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sinia. Ukikanyaga pedali ya gia, klachi inajiachia yenyewe. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, na viwanda vingine vimeiga mfumo huo. Ubaya wake ni injini ndogo, na kwa kazi ya kubeba kabichi kutoka milimani, mzigo itabidi upungue. Anayetaka kununua iliyotumika aijaribu mlimani kwanza: ishuke kwa gia ya kwanza ukiangalia kama injini inazuia, ipande polepole ukisikiliza kama injini inapiga kelele bila pikipiki kuongeza mwendo. Hiyo ya pili ni dalili ya pleti zilizokwisha.

Kabla ya kutoa hela yoyote, tungemwomba aiangalie klachi aliyonayo. Waya mkavu au uliokatika nyuzi unaongeza uzito wa mkono mara nyingi kuliko springi zenyewe. Waya mpya uliopakwa oili, na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, hubadili mambo. Mkono wenyewe unaweza kulegezwa na kuzungushwa kwenye usukani ukaelekea chini kidogo, ili vidole viwili vilivyo vizima viushike karibu na ncha, ambako ni mwepesi. Akibadili oili achague ya pikipiki yenye alama ya JASO MA kwenye chupa. Baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na pleti zikilowa oili hiyo huanza kuteleza mlimani hata zikiwa mpya.