Msiba Usio na Jamvi

Kwetu mtu akifa, jamvi linatandikwa. Turubai linafungwa uani, viti vya kukodi vinashushwa, sufuria la wali linatelekwa, na kwa siku kadhaa mfiwa haachwi peke yake. Anabembelezwa anywe uji. Anasimulia jinsi marehemu alivyoamka siku ile, alichokula, neno la mwisho alilosema. Anarudia mara ya kumi na hakuna anayemwambia imetosha. Mpaka siku ya kuanua matanga, majonzi hayajaisha, lakini watu wengi wameshayabeba pamoja naye.

Aliyemtoa marehemu huyo kwenye basi lililopinduka hana jamvi. Si ndugu, si jirani, hata jina halijui. Anaosha buti, anabadilisha ovaroli, anajaza kitabu cha matukio, anasubiri king'ora kingine. Asubuhi akirudi nyumbani, mkewe anamuuliza kama amepitia sokoni.

Mimi ni muuguzi. Nilianzia mapokezi ya dharura, katika hospitali iliyo kando ya barabara kuu ambako mabasi na malori hupishana usiku kucha. Baadaye nikasomea uuguzi wa afya ya akili, na sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na watu wanaofika wa kwanza kwenye maafa: zimamoto, trafiki, madereva na wauguzi wa magari ya wagonjwa. Nakaa pia na wahudumu wa mochwari, ambao hawatajwi kwenye shukrani za viongozi ingawa matukio mengi huishia mikononi mwao. Nimejifunza kwao jambo moja ambalo chuoni lilipitwa haraka: mtu wa kwanza wa kumsaidia mwokoaji si mimi wala daktari. Ni mwenzake wa zamu.

Watu hudhani kinachowasumbua ni damu. Damu huzoeleka. Kisichozoeleka ni vitu vidogo ambavyo mtu hakujiandaa navyo. Simu, kwa mfano. Ajali ikitokea usiku, habari husambaa kabla majeruhi hawajaisha kutolewa, na simu zinaanza kuita mifukoni mwa watu waliolazwa kando ya lami. Kioo kinawaka ndani ya kitambaa cha suruali: "Mama". "Mke wangu". "Baba Neema". Inaita, inakatika, inaita tena. Mwokoaji amepiga goti hapo hapo, glovu zimelowa. Akipokea, aseme nini? Asipopokea, mlio ule anaondoka nao. Nawajua waliobadili mlio wa simu zao kwa sababu hiyo tu.

Wengine ni harufu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliofariki walizidi 100. Aliyewahi kufanya kazi kwenye moto wa namna hiyo anaweza kukaa mwaka mzima bila kupita karibu na banda la nyama choma. Akialikwa kwenye sherehe anatoa udhuru, na ndugu wanasema siku hizi anaringa.

Kisha kuna sauti, na hizi naona ndizo nzito kuliko zote. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, waokoaji waliwasiliana na watu walionaswa chini huku wakiwapenyezea maji na hewa ya oksijeni. Nairobi, baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua zaidi ya watu 200, kulikuwa na mwanamke chini ya kifusi cha jengo la Ufundi ambaye waokoaji walizungumza naye kwa siku kadhaa, wakimtia moyo kwamba wanakuja. Alifariki kabla hawajamfikia. Fikiria umemwahidi mtu ambaye sura yake hukuiona, mkaongea mpaka mkazoeana, kisha sauti ikanyamaza. Hicho ni kifo cha mtu uliyemjua. Matanga yake unayakaa wapi?

Siku za mwanzo baada ya tukio zito, karibu kila mtu hutikisika. Usingizi unakatika, picha zinarudi bila kuitwa, mlango ukijibamiza moyo unaruka. Huo si ugonjwa. Ni mwili ambao bado unadhani hatari haijapita, na kwa wengi hali hutulia ndani ya wiki chache. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi mmoja, mtu akaanza kukwepa barabara fulani, kuwaka hasira kwa jambo dogo, au kukaa na watoto wake kama mgeni, hapo ndipo sisi wauguzi na madaktari tunaanza kuzungumza juu ya ugonjwa wa kiwewe. Pengine kinachotokea si hicho bali sonona, au pombe inayoanza kama dawa ya usingizi. Tena mara nyingi si tukio moja. Ni miaka ya matukio, na lile linalomwangusha linaweza kuwa dogo kuliko yote, ndiyo maana wenzake hawaelewi.

Kwa nini hawaji hospitali? Sababu wanazitoa wenyewe. Hapa Tanzania jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, limegeuzwa kuwa tusi la mtaani, na askari anayeonekana akiingia kliniki ya akili anahofia kuitwa hivyo mpaka astaafu. Anahofia kuondolewa kwenye gari na kupangiwa stoo. Na aliyefika mbali zaidi, aliyewahi kutaka kujidhuru, ana hofu nyingine: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Natamani sana tufike huko, kwa sababu mgonjwa anayeogopa polisi hafungui mdomo, na hapa tunazungumzia wagonjwa ambao baadhi yao ni polisi.

Walioanza kulishughulikia jambo hili kwa utaratibu walikosea njia kwanza, na inafaa kulijua kosa hilo kwa sababu bado linarudiwa huku kwetu. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kuwa zimamoto, alichapisha mpango wa kuwakusanya waokoaji siku chache baada ya tukio na kuwapitisha hatua kwa hatua: uliona nini, uliwaza nini, kipi kilikuwa kibaya zaidi. Ulienea duniani, na wengine wakaanza kuwafanyia hivyo hata wagonjwa, mmoja mmoja. Kisha watafiti wakapima. Kule Wales, utafiti wa watu walioungua uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba baada ya miezi 13, waliofanyiwa kikao hicho cha mara moja walikuwa na ugonjwa wa kiwewe kwa asilimia 26, na wasiofanyiwa asilimia 9. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo. Linashauri huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake wa mwaka 2011 unaweza kuufupisha kwa vitendo vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Mtu hachimbuliwi. Anapewa maji, mahali salama, mtu wa kumsikiliza kama anataka kusema, na njia ya kufika kwenye msaada.

Basi tukio likitokea halafu akaletwa mgeni mwenye laptopu awapange askari kwenye mduara na kuwaambia kila mmoja aeleze alichoona, tafadhali msikubali.

Kinachofaa ni kitu cha karibu zaidi. Wanamaji wa Uingereza waliwafundisha askari wa kawaida, wasio madaktari, kuzungumza na wenzao siku tatu hivi baada ya tukio na tena baada ya mwezi mmoja, wakilinganisha hali zao na kuwapeleka kwa mtaalamu wasiotulia. Utaratibu huo baadaye ulichukuliwa na polisi na huduma za magari ya wagonjwa huko huko. Idara ya Zimamoto ya New York, iliyopoteza watu 343 tarehe 11 Septemba 2001, iliwatumia zimamoto wenyewe, wakiwamo wastaafu, kuwafikia wenzao vituoni. Na tusidhani ni mambo ya wazungu. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi na watu wenye mawazo mengi. Hata hapa nyumbani, miaka ile ya UKIMWI, nani aliyewafanya watu waanze dawa na kuendelea nazo? Daktari aliandika cheti, lakini aliyekaa na mgonjwa kwenye foleni ya kliniki akamwambia "hata mimi nameza" alikuwa mwenye virusi mwenzake.

Nieleze mazungumzo mamoja. Wahusika wote wawili wameniruhusu.

Ilikuwa nyuma ya gereji ya magari ya wagonjwa, chini ya mwarobaini. Dereva mzee alikuwa anafuta vioo. Muuguzi kijana, aliyetoka na gari usiku wa juzi yake, alikuja kuchukua begi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala."

"Umelala, au ulijilaza tu?"

Kijana akacheka kidogo, akanyamaza. Mzee hakumwangalia. Akasuuza kitambaa, akaendelea na kioo. Zikapita dakika.

"Aliniomba maji, mzee."

"Nani?"

"Yule binti. Njia nzima ananiomba maji. Nikamnyima."

Mzee akaweka ndoo chini, akakaa juu ya tairi. "Ulimnyima kwa nini?"

"Si alikuwa anakwenda kupasuliwa. Tumefundishwa asipewe kitu mdomoni."

"Basi. Mimi nami nilimnyima mtu maji, wewe bado uko shule ya msingi. Mzee mmoja, nyonga imevunjika. Hakufika. Sura yake naijua mpaka leo." Akangoja. "Wewe ulimfanyia nini?"

"Nililowesha pamba, nikampaka midomoni."

"Mimi hata hilo sikulijua wakati ule."

Binti huyo alifariki kabla ya kufika hospitali. Kwamba kumnyima maji kulikuwa sahihi kitaalamu, mimi ningeweza kumwambia kijana kwa ushahidi wote wa vitabu, na asingenisadiki, kwa sababu mimi sikuwamo ndani ya gari lile wala lingine lolote. Mzee alimsadikisha kwa kuwa anaijua njia hiyo, kona kwa kona, na mtu anayeomba maji nyuma yake.

Ila mzee hakuishia kwenye huruma, na hapa ndipo watu hukosea wakidhani msaada wa wenzao ni kupiga soga. Alikuwa amefundishwa. Aliuliza kuhusu usingizi, kuhusu chakula, kuhusu pombe. Hakusema "jikaze", wala "ni mipango ya Mungu", maneno ambayo kwa mfiwa yanaweza kufariji lakini kwa anayejilaumu hufunga mazungumzo. Alimwambia siku watakayoongea tena, na akatimiza. Baada ya mwezi alimuuliza maswali yale yale, na safari hiyo kijana alikuwa bado anaota. Ndipo mzee akasema, "Twende kwa sista, nitakusindikiza." Alimsindikiza kweli, akakaa nje ya mlango wangu mpaka tulipomaliza.

Kazi yangu inaanzia hapo. Kwa ugonjwa wa kiwewe kuna tiba ya mazungumzo ambayo mgonjwa analirudia tukio taratibu, kwa mpangilio, akiwa na mtaalamu aliyeisomea. Kuna dawa pia. Mwenzake wa kazi hapaswi kujaribu hayo. Kazi yake ni kuona mapema na kuunganisha, na yeye mwenyewe awe na mtu wa kumtua mzigo, la sivyo tutakuwa na wagonjwa wawili.

Mambo mengine ninayasisitiza kila ninapofundisha. Anayechaguliwa asiwe bosi wala mtu wa bosi. Zamu nzima inajua nani huwa wanamwendea wakiwa na shida ya ada au ndoa, na mara nyingi ni huyo huyo. Siri ibaki siri, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini, na hilo lisemwe wazi tangu mwanzo. Ukimshuku mwenzako anataka kujiua, muulize waziwazi. Swali halimpandikizii mtu wazo hilo. Usimwache peke yake, na mfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1199 bure, Msalaba Mwekundu. Na ratiba ya zamu iwe na nafasi ya mazungumzo haya, kwa sababu kitu kisicho kwenye ratiba hufanywa na wenye moyo tu, nao huchoka.

Kuna kundi moja bado limebaki nje. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba, kati ya watu 43 walinusurika 24, na waliowahi kufika ni wavuvi. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisema aliuvunja mlango kwa kasia. Alisimulia pia jinsi alivyowasiliana kwa ishara na rubani kupitia kioo. Marubani wote wawili walifariki. Yeye alichukuliwa akaajiriwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na nchi nzima ilimjua. Wavuvi wengine walirudi kwenye mitumbwi yao.

Kwenye barabara yetu wavuvi hao ni vijana wa bodaboda. Ajali ikitokea, wao wanafika kabla ya yeyote kupiga 114, namba ya zimamoto, wanavunja vioo kwa mawe, wanabeba watu mgongoni, kisha wanarudi kijiweni kusubiri abiria. Hawana zamu, hawana kitabu cha matukio, hawana mkuu wa kituo. Mafunzo yajayo tumewaita kutoka vijiwe vya njia panda, kila kijiwe kilete mtu mmoja ambaye wenzake wanamwamini. Mzee wa gari la wagonjwa ndiye atakayewafundisha sehemu ya kwanza, na ameomba yafanyike kijiweni kwao, saa za mchana ambapo abiria ni wachache.