Panda Maboga, Linda Macho ya Mtoto

Siku moja mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka 3 kwenye zahanati yetu. Alisema, "Mganga, mchana mtoto huyu anacheza vizuri. Jua likizama anajikwaa kwenye mafiga."

Mtoto alikuwa ametoka kuugua surua. Majirani walisema amerogwa. Hakurogwa. Mwili wake ulipungukiwa vitamini A. Tulimpa dawa, akapona. Angechelewa, huenda angepofuka kabisa.

Nilimwuliza mama, "Je, nyumbani mna maboga?" Alijibu, "Yapo, lakini tunayauza yote gulioni."

Ndugu msomaji, usiuze yote. Boga lenye nyama ya rangi ya chungwa hujenga macho. Majani yake pia.

Panda hivi:

1. Mvua zikianza, chimba mashimo karibu na nyumba. Shimo hadi shimo iwe meta 2, kwa sababu mboga hii hutambaa sana.

2. Changanya udongo na samadi iliyooza.

3. Panda mbegu 3 au 4 kila shimo. Zikiota, bakiza miche 2 yenye nguvu.

4. Usishangae maua ya kwanza yakianguka. Mengi ni madume. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Nyuki ndio wanaobeba chavua, kwa hiyo usiwafukuze.

5. Chuma majani laini machache tu kila mara. Ukichuma mno, mmea hautazaa vizuri.

6. Vuna ganda likiwa gumu na kikonyo kikianza kukauka. Kata boga pamoja na kikonyo chake. Liweke mahali pakavu penye hewa. Litakaa miezi kadhaa.

Pika boga au majani pamoja na karanga zilizotwangwa, au mafuta kidogo. Mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A. Mtoto akitimiza miezi 6, mpe boga lililopondwa, huku akiendelea kunyonya.

Kumbuka: boga ni kinga. Mtoto asiyeona vizuri jioni mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Pia mpeleke apate matone ya vitamini A kila miezi 6, mpaka afike miaka 5, na achanjwe surua.

Je, wewe umebakiza maboga mangapi kwa ajili ya watoto wako?