Karantini Ilikuwa kwa Faida ya Wote, Bili Ikaenda kwa Abiria

Jumapili ya tarehe 22 Machi 2020, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba safari zote za ndege za abiria kutoka nje zingesimama usiku wa Jumatano, tarehe 25. Wakenya waliokuwa ng'ambo walibaki na siku tatu tu za kurudi nyumbani. Yeyote ambaye angefika katika siku hizo angechukuliwa kutoka uwanjani na kupelekwa karantini katika kituo kilichoteuliwa na serikali. Na gharama angelipa mwenyewe.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililozaa matatizo mengi kuliko yote yaliyotangazwa siku ile.

Serikali ilikuwa na sababu nzito ya kuchukua hatua. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, aliyetangazwa tarehe 13 Machi, alikuwa ametoka Marekani kupitia London na kutua Nairobi tarehe 5. Siku tatu baada ya tangazo hilo Tanzania nayo ilipata mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji. Uganda ikafuata tarehe 21, na mgonjwa wake alikuwa ametoka Dubai. Ugonjwa ulikuwa unaingia kwa ndege, tena waziwazi. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameruhusu raia na wenye vibali vya ukaazi waendelee kuingia, mradi wajitenge majumbani mwao kwa siku 14. Utaratibu huo ulitegemea uaminifu wa kila abiria, na haukuchukua muda serikali ikalalamika kwamba wapo waliotoka uwanjani na kuendelea na shughuli zao kama kawaida.

Hizo siku 14 hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Mtu aliyeambukizwa korona ile ya mwanzo alianza kuona dalili baada ya siku tano hivi, lakini wapo waliochukua siku kumi na zaidi. Wiki mbili ziliwatosha karibu wote. Karantini basi humhusu mtu ambaye bado ni mzima, ila huenda amekutana na ugonjwa. Anakaa peke yake mpaka ijulikane. Aliyekwisha kuugua hutengwa kwingine na kutibiwa. Hesabu yenyewe inasimama juu ya neno "peke yake". Abiria watano wakilala chumba kimoja na mmoja wao akagunduliwa ana virusi siku ya kumi na mbili, siku kumi na mbili za wenzake wanne zimepotea. Itabidi waanze upya.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa Nairobi. Abiria waliotua katika Uwanja wa Jomo Kenyatta kwenye zile siku za mwisho walieleza jinsi walivyosubiri kwa saa nyingi wakiwa wamesongamana, kisha wakapakiwa kwenye mabasi pamoja, waliotoka nchi zenye maambukizi makubwa na waliotoka kwingine. Wenye uwezo walichagua hoteli, ambako baadhi zilitoza kiasi cha dola 100 kwa siku. Wengine walipelekwa kwenye mabweni ya taasisi za umma, kama Chuo cha Mafunzo ya Tiba, kinachojulikana zaidi kama KMTC, na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Huko bei ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Kwa siku 14 hiyo ni shilingi 28,000, na chumba hukukichagua wala tarehe ya kuondoka huipangi wewe.

Mapema Aprili mambo yakazidi kuwa mazito. Vituo vilivyokutwa na walioambukizwa viliongezewa siku nyingine 14, na bili nayo ikaendelea kupanda. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilipochapisha taarifa yake mwishoni mwa Mei, lilieleza habari za watu waliokosa sabuni, chakula cha kutosha na matandiko safi. Lilieleza pia habari za watu waliomaliza siku zao bila ugonjwa wowote lakini wakazuiwa kuondoka kwa sababu hawakuwa wamelipa. Hapo karantini ilikuwa imeacha kazi yake. Mtu asiye na virusi ambaye anashikiliwa kwa deni hamkingi jirani yeyote na ugonjwa.

Jambo jingine lililoharibu imani ya watu ni kuwapeleka karantini waliokamatwa kwa kuvunja kafyu. Mara tu kituo cha afya kilipotumika kama mahabusu, kila aliyekuwa ndani alianza kujiona mfungwa. Aprili ilipofika ukingoni, Wakenya walitazama video ya watu wakiruka ukuta wa kituo cha KMTC jijini Nairobi, mizigo yao mkononi. Rais alisema waliotoroka wangesakwa na kurudishwa. Lakini hasara kubwa zaidi haikuwa pale ukutani. Ilikuwa mitaani na vijijini, ambako mtu aliyeanza kukohoa alipiga hesabu: nikienda kupimwa na nikakutwa nimekaribiana na mgonjwa, nitafungiwa wapi, na nitalipa nini? Wengi waliona heri kukaa kimya. Ugonjwa wa kuambukiza hauna rafiki mkubwa kuliko ukimya wa namna hiyo.

Kinachouma ni kwamba sheria ilikuwepo, na ilikuwa upande wa msafiri. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, iliyorithiwa tangu zama za ukoloni, inasema katika kifungu cha 27 kwamba mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza anaweza kuondolewa na kuwekwa mahali pa kutengwa kwa cheti cha afisa wa afya na amri ya hakimu, na gharama ni ya mamlaka ya eneo husika. Nazo Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zinazozifunga nchi zote wanachama wa Shirika la Afya Duniani, zinakataza katika kifungu cha 40 kumtoza msafiri gharama za karantini aliyowekewa kwa ajili ya kulinda afya ya umma, isipokuwa kwa anayekuja kuomba ukaazi. Kifungu cha 32 kinaongeza kwamba atendewe kwa heshima, apewe chakula, maji na matibabu. Serikali ya mkoloni, ambayo haikujulikana kwa huruma, iliandika kwamba anayetengwa kwa faida ya wengine asibebeshwe bili. Serikali iliyochaguliwa na wananchi ilipaswa kufanya zaidi ya hapo.

Mwezi Mei serikali ya Kenya ilikubali kubeba gharama za waliokuwa katika vituo vya umma. Ilikuwa hatua njema, ila wapo waliokwisha kukopa kwa ndugu ili watoke.

Kenya haikuwa peke yake. Tanzania nayo, tangu Machi, iliwataka wasafiri kutoka nchi zilizoathirika wakae siku 14 kwa gharama zao, kisha ikaondoa sharti hilo tarehe 18 Mei. Uingereza ilianza karantini ya hoteli Februari 2021 kwa waliotoka nchi zilizowekwa kwenye orodha nyekundu, kwa pauni 1,750 kwa mtu mmoja. Tanzania ilikuwa tayari ndani ya orodha hiyo, na Kenya ikaongezwa tarehe 9 Aprili. Familia za Waafrika Mashariki wanaoishi Uingereza zilijikuta zikichagua kati ya kuja kuzika mzazi na kulipa kodi ya nyumba. Kenya ikajibu kwa kuwawekea wasafiri kutoka Uingereza karantini ya siku 14, nao kwa gharama zao.

New Zealand ilitoa mfano wa kuigwa, angalau mwanzoni. Kuanzia Aprili 2020 waliorudi walikaa kwenye hoteli za serikali bila kulipa, huku wakipimwa. Ada zilipoanza mwezi Agosti, ziliwalenga hasa wanaokuja kwa muda mfupi, na aliyerudi kuishi alisamehewa. Nchi ile ilikaa miezi mingi bila maambukizi ya ndani, watu wakienda shule na viwanjani kama kawaida. Tatizo lilikuja baadaye, vyumba vilipokuwa haba na nafasi zikagawiwa kwa bahati nasibu. Aprili 2022 Mahakama Kuu ya huko ilisema utaratibu huo uliwanyima baadhi ya raia haki ya kurudi kwao. Australia nayo ilijifunza kwa machozi. Katika jimbo la Victoria, virusi vilitoka katika hoteli mbili za karantini vikiwa mwilini mwa wafanyakazi, na uchunguzi wa serikali ulihusisha uzembe huo na vifo 768. Hoteli nzuri haitoshi ikiwa mlinzi wa mlangoni hakufundishwa namna ya kujikinga.

Mipakani hali ilikuwa tofauti kabisa. Dereva wa lori anayepita Namanga au Malaba hawezi kukaa siku 14 kila anapovuka, maana mafuta na unga wa nchi tatu uko nyuma yake. Huko serikali zikaegemea vipimo, na foleni za malori zikarefuka kilomita kwa kilomita madereva wakisubiri majibu. Kenya ilipofungua anga tarehe 1 Agosti 2020, abiria nao walitakiwa kuja na cheti cha kipimo kilichofanywa ndani ya saa 96. Hata hapo ugomvi haukukosekana: Tanzania haikuwemo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia Kenya bila karantini, nayo ikaizuia Kenya Airways kutua mpaka Septemba.

Maradhi hayajaacha kusafiri. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya aligunduliwa katika mpaka wa Taveta, akiwa msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda. Ipo siku amri ya karantini itatolewa tena, na huenda itakuwa ya lazima kweli. Wabunge na magavana waandike sasa, wakiwa wametulia, fedha za vituo hivyo zitatoka fungu gani na nani atawasimamia walinzi. Na msafiri atakayeambiwa apande basi kutoka uwanjani adai mambo matatu kwa maandishi: amri yenyewe, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jina la ofisi itakayolipa.