Samaki wagomvi wa Ziwa Tanganyika

Ulaya, Marekani na Japani wako watu ambao hawajaiona Afrika, lakini sebuleni mwao mna kipande cha Ziwa Tanganyika: tangi la kioo, mawe, na samaki wa jamaa ya perege. Ziwa hili la Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia lina aina zipatazo 240 za jamaa hiyo, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakipakiwa ndege wakiwa hai kutoka Bujumbura.

Wanunuzi hupenda rangi zao, halafu hukuta ugomvi. Mtazame Tropheus. Yeye hula mwani uotao juu ya mawe, na kila mmoja, dume na jike, hulinda jiwe lake kama mkulima alindavyo shamba. Ziwani aliyeshindwa hukimbia. Ndani ya kioo atakimbilia wapi? Ukiweka watatu au wanne, mbabe atawamaliza mmoja mmoja. Kwa hiyo wafugaji wazoefu huweka kumi na wawili au zaidi katika tangi kubwa la lita 300 hivi, ili hasira igawanyike na asiwepo mnyonge mmoja wa kuonewa na wote. Chakula chao ni cha majani. Wakipewa nyama huvimba matumbo na kufa.

Kwa mwenye chumba kimoja yuko ocellatus, wa sentimita 5 au 6 tu. Nyumba yake ni gamba tupu la konokono. Hulifukia mchangani mpaka ubaki mlango wake peke yake, na jike hutaga ndani. Tia mkono majini uone: atauma kidole, na wala hakiogopi! Lita 60 zinamtosha, pamoja na mchanga laini na magamba mengi kuliko idadi ya samaki. Tangi jipya liachwe wiki kadhaa kwanza, mpaka viini vinavyosafisha uchafu viote.

Sasa, ndugu msomaji, nani huwakamata? Ni wapiga mbizi wenye nyavu, vibarua wa ziwani. Samaki wa kina kirefu hapandishwi kwa mkupuo, maana kibofu chake cha hewa kitavimba; chombo chake huvutwa juu kwa vituo, hata siku kadhaa. Mwili wa mtu nao una sheria yake. Apumuaye hewa ya mtungi chini sana kisha akapanda haraka, nitrojeni hufanya mapovu katika damu: viungo huuma, miguu hupooza, wengine hufa. Mwajiri anayempa samaki siku zake za kupanda hana udhuru wa kumnyima mpiga mbizi dakika zake. Lazima pawepo saa, jedwali la kina na muda, mwenzi wa kuzamia naye, na mapumziko kati ya mzamio na mzamio. Aliyekwisha kupatwa apewe oksijeni na kupelekwa haraka kwenye chumba maalumu cha mgandamizo wa hewa. Vidonge vya maumivu havimponyi.